Wasomaji Wauliza: Fidla Mbili, Viola Moja na Chelo

Katika toleo lililopita niligusia kwa mistari michache wapigaji wa kwateti za Ulaya, nikiwalinganisha na wapigaji wetu wa taarab wa zamani, na sikutarajia kwamba mistari ile ingeleta barua nyingi kuliko makala yetu ya bei ya karafuu. Nimechagua nane kati ya hizo. Kabla ya kuzijibu, nieleze neno moja. Wenyewe huuita muziki huu kwa jina lenye maana ya muziki wa chumba, kwa kuwa ulikulia katika vyumba vya majumba ya wakubwa, mbali na kanisa na mbali na jukwaa la opera. Kusema "muziki wa chumbani" kutatuletea kicheko tusichokihitaji, na "muziki wa chemba" ni kubaya zaidi, maana chemba kwetu ni ile inayozibuliwa mvua zikianza. Hapa nitasema muziki wa ukumbini, nikikusudia ukumbi wa nyumba, pale anapokaribishwa mgeni. Kwateti ni wapigaji wanne, wawili wa fidla, mmoja wa viola, ambayo ni fidla iliyozidi ukubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi, na mmoja wa chelo, ile kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Kazi iliyotungwa kwa ajili yao nayo huitwa kwateti. Trio huwa watatu, mara nyingi piano, fidla na chelo. Kila mmoja ana sauti yake peke yake, na akikosea hana mtu wa kujificha nyuma yake.

Mwanangu wa miaka 19 amemaliza kidato cha sita na anapiga fidla tangu udogo. Anataka kwenda kusomea muziki huo na kuufanya kazi ya maisha. Baba yake anasema huo ni mchezo wa wenye mali. Je, kuna mtu anayeishi kwa kazi hiyo, au mtoto anadanganywa?
*Mama wa Kikwajuni*

Bi mkubwa, wapo wanaoishi kwa kazi hiyo, na wapo waliozeeka nayo, lakini na mzee mwenzio naye hajakosea sana. Tuanze na hesabu. Ukumbi unaoheshimiwa kuliko karibu zote duniani kwa muziki huu ni Wigmore Hall wa London, uliofunguliwa mwaka 1901, nao una viti 552 tu. Viti vyote vikijaa, hao bado ni watu wachache kuliko wanaokaa upande mmoja wa Uwanja wa Amaan siku ya Kombe la Mapinduzi. Mapato ya viti hivyo hugawanywa kwa watu wanne, baada ya kutolewa fungu la wakala, nauli na hoteli, na ukumbuke kwamba wasafiri wanne hukata tiketi tano, kwa sababu chelo hukatiwa kiti chake ndani ya ndege kama abiria. Hakuna mpigaji mwenye akili timamu atakayekubali ishushwe kwenye shehena pamoja na masanduku.

Kwa hiyo tangu mwanzo muziki huu umehitaji mtu wa kuubeba. Mtunzi Joseph Haydn, ambaye ndiye aliyeipa kwateti umbo lake tunalolijua, aliingia katika utumishi wa ukoo wa Esterházy mwaka 1761 na akabaki huko karibu miaka 30, akivaa sare ya nyumba ile kama watumishi wengine. Katika karne ya 20 walijitokeza matajiri wa namna nyingine, na aliyetia fora ni Elizabeth Sprague Coolidge wa Marekani, aliyetumia urithi wake kuwalipa watunzi, kuanzisha mashindano na kujenga ukumbi ndani ya Maktaba ya Bunge mjini Washington, uliofunguliwa mwaka 1925.

Leo mbebaji mkubwa ni chuo kikuu, na jinsi mlango huo ulivyofunguka ni kisa kinachostahili kusimuliwa. Kwateti ya Pro Arte iliundwa Brussels mwaka 1912. Mwezi wa Mei mwaka 1940 wapigaji wake walikuwa Marekani, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, wakipiga mfululizo wa kwateti za mtunzi Beethoven, ndipo habari zikawafikia kwamba majeshi ya Ujerumani yameivamia nchi yao. Hawakuwa na pa kurudi. Chuo Kikuu cha Wisconsin kikawapa makazi na mshahara ili wafundishe na kupiga hapo hapo, na kwateti ya jina hilo ingali hapo mpaka leo, ingawa wale wa mwanzo wamekwisha kuondoka wote. Wengine wakafuata njia hiyo. Kwateti ya Takács, iliyoanzishwa na wanafunzi wanne huko Budapest mwaka 1975, ilihamia Boulder, Colorado, katika miaka ya 1980, nako imefundisha na kusafiri kutokea huko tangu wakati huo. Menahem Pressler, mpiga piano wa Beaux Arts Trio, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1955, mwaka ule ule trio yake ilipopiga kwa mara ya kwanza, na alifanya kazi zote mbili bila ya kuiacha mojawapo.

Ukimuuliza mpigaji wa kwateti anafanya kazi gani, basi, jibu la kweli ni kwamba ni mwalimu anayesafiri. Wiki hii yumo darasani, wiki ijayo yumo safarini, na kati ya hizo hukaa na wenzake watatu saa kadhaa za kila siku wakibishana juu ya mstari mmoja wa noti. Fedha za kurekodi ni kidogo. Wengi wa wanaoanza hujaza mapengo kwa kupiga katika okestra na katika harusi.

Ushauri wangu, Bi, ni kwamba msimzuie, ila mumuulize maswali matatu. Je, anasoma noti kwa jicho la haraka, au anapiga kwa kusikia tu kama tulivyofundishwa wengi wetu? Kusikia ni hazina, lakini huko hakutamvusha mlango wa mtihani wa kuingilia. La pili, amekwisha kupita Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi hapa mjini, au kwa mwalimu mwingine wa kumpima? Na la tatu, yuko tayari kushika viola? Wapiga fidla ni wengi mno kila mahali, wapiga viola wazuri ni wachache, na kijana aliyekataliwa kwa fidla hupokewa kwa viola. Akijibu vizuri yote matatu, mzee wake na afikirie upya. Akitaka kwenda kwa sababu amechoka kukaa nyumbani, aambiwe kwamba mpiga kwateti hukaa ndani kuliko sote.

Klabuni kwetu hakuna bashraf inayoanza bila mtu wa kutoa ishara. Nimewaona hao wanne kwenye simu, hawana mwenye kifimbo, hawahesabu kwa sauti, na wote huanza kwa pamoja. Nani anaongoza?
*Mpiga rika, Ng'ambo*

Ndugu yangu, angalia tena, safari hii ukiwa umezima sauti. Utamwona mwenye fidla ya kwanza akiinua kichwa cha fidla yake kiasi cha upana wa vidole viwili, huku akivuta pumzi puani kwa kasi ile ile ya muziki unaotaka kuanza. Pumzi ikiwa fupi, muziki ni wa mbio. Ikiwa ndefu, ni wa taratibu. Wenzake watatu huiona na kuisikia, na pinde zinapogusa nyuzi kila mmoja amekwisha kujua kasi, nguvu na hata hali ya moyo ya noti ya kwanza. Ukisikiliza rekodi kwa makini utazisikia pumzi hizo.

Zamani fidla ya kwanza ilikuwa bwana kwelikweli. Ignaz Schuppanzigh wa Vienna, rafiki wa Beethoven, mtu mnene ambaye Beethoven hakuchoka kumtania kwa unene wake, ndiye aliyeanza kuitoa kwateti majumbani na kuipeleka mbele ya watu waliolipa, katika msimu wa mwaka 1804 hadi 1805. Mwaka 1808 akaajiriwa na Andrey Razumovsky, balozi wa Urusi mjini humo, aunde kwateti ya kudumu ya kulipwa mshahara, na balozi mwenyewe alikuwa akijipenyeza kushika fidla ya pili. Nadhani hakuna aliyethubutu kumwambia kama alitoka nje ya sauti.

Siku hizi mambo yamelegezwa. Kwateti ya Emerson, iliyoanzishwa New York mwaka 1976, ilikuwa na wapiga fidla wawili, Eugene Drucker na Philip Setzer, waliopokezana kiti cha kwanza, kazi hii mmoja, kazi ile mwingine, na hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenziwe mpaka walipopiga onyesho lao la mwisho mwezi wa Oktoba mwaka 2023. Walipata tuzo tisa za Grammy kwa mpango huo. Ukiniuliza mimi, nitasema kiongozi ni yule mwenye wimbo kwa wakati huo. Wimbo ukihamia kwenye chelo, watatu waliobaki humfuata mpiga chelo, naye huuachia ukishamtoka mkononi.

Mtihani mkubwa wa jambo hili ni kwateti ya Beethoven iliyopewa namba 131. Ina sehemu saba zinazopigwa kwa mfululizo bila ya kupumzika, kwa muda wa takriban dakika 40, na wewe unajua nyuzi zinavyolegea ukumbi ukipata joto. Hakuna nafasi ya kuzikaza. Kila mmoja hulazimika kusogeza vidole vyake kwa unyoya kuufuata uzi wa mwenziwe uliokwisha kushuka.

Mmoja wao akifa inakuwaje? Huweka mwingine, kama sisi tunavyofanya?
*Mwalimu wa skuli, Chake Chake*

Mwalimu, hapa wamegawanyika makundi mawili, na mimi tangu zamani moyo wangu uko kwa kundi dogo.

Kundi kubwa hufanya kama Nadi Ikhwani Safaa yetu, iliyoanza mwaka 1905, ambako mtu huondoka na klabu ikabaki. Kwateti ya Juilliard iliundwa mwaka 1946 na Robert Mann aliketi kiti cha kwanza mpaka mwaka 1997. Alipostaafu, wenzake walisogea na kupokea mwingine, na jina likaendelea. Kwateti ya Borodin ya Moscow ilianza mwaka 1945, na mpiga chelo wake Valentin Berlinsky alikuwemo mpaka mwaka 2007, huku viti vingine vitatu vikibadilika mara kadhaa mbele ya macho yake. Husemwa kwamba mwenye chelo ndiye nguzo ya nyumba, na kwa Berlinsky usemi huo ulikuwa kweli.

Kundi dogo ni kama Kwateti ya Amadeus. Wapigaji watatu kati ya wanne hao, Norbert Brainin, Siegmund Nissel na Peter Schidlof, walikuwa vijana wa Kiyahudi waliotoka Austria kuwakimbia Wanazi mwaka 1938. Walipofika Uingereza wakidhani wamesalimika, vita vikaanza, na serikali iliyowapokea ikawafungia kambini kwa kuwa pasi zao zilikuwa za nchi ya adui. Ndani ya kambi hizo ndimo walimofahamiana, wakipiga kwa fidla walizoweza kubaki nazo. Walipotoka walichukuliwa na mwalimu Max Rostal, ambaye aliwafundisha bila ya kuwadai ada. Wa nne, Martin Lovett mwenye chelo, alikuwa Mwingereza na mdogo wao. Imogen Holst, binti wa mtunzi Gustav Holst, aliwasaidia fedha za kukodi Wigmore Hall, nao wakapiga hapo tarehe 10 Januari 1948 mbele ya ukumbi uliojaa.

Waliendelea karibu miaka 40, watu wale wale wanne, bila ya kubadilishana hata kiti. Mwaka 1987 Schidlof, mwenye viola, akafariki. Waliobaki hawakutafuta mtu. Kwateti ya Amadeus ikaishia hapo, ingawa kazi zilikuwapo na wapiga viola wa kutosha walikuwapo ambao wangekuja kwa miguu. Walikuwa wameanza wakiwa vijana wa kambini, na nadhani walijua kwamba kile walichokuwa nacho hakikuwa katika noti ambazo mtu mwingine angeweza kupewa azisome. Waliendelea kufundisha, na kwateti nyingi zilizofuata zilipita mikononi mwao.

Menahem Pressler niliyemtaja kwa Mama wa Kikwajuni alikuwa katikati ya makundi hayo mawili. Naye alikuwa mkimbizi, mzaliwa wa Magdeburg, Ujerumani, aliyeondoka na wazazi wake mwaka 1939. Katika Beaux Arts Trio wapiga fidla na chelo walibadilika, yeye hakubadilika tangu mwaka 1955 mpaka trio ilipofungwa mwaka 2008. Wengi walidhani amemaliza. Mwezi wa Januari mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 90, alipiga kwa mara ya kwanza na okestra ya Berlin Philharmonic. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 99.

Kila masika fidla yangu huachia ubavuni, kwenye mshono wa chini. Hilo ni kosa la fundi aliyeitengeneza? Niikaze kwa gundi gani?
*Mpiga fidla, Wete*

Kaka, si kosa lake, ni hekima yake. Fidla iliyotengenezwa vizuri hugundishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, inayopashwa moto ndani ya maji, na fundi huichagua kwa kuwa haishiki kupita kiasi. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, kisha kaskazi ikija hukauka na kunywea. Kitu kimoja lazima kiachie. Fundi anataka uachie mshono, ambao hurudishwa kwa siku moja, na si ubao wa kifua, ambao ukipasuka hauwi tena kama ulivyokuwa.

Nalijua hili kwa hasara yangu. Nilipokuwa nikipiga chelo katika kikundi kimoja cha hapa Unguja, chelo yangu iliachia mvua za mwezi wa Aprili, kiasi cha kupenya ukucha. Nikaipeleka kwa seremala, mtu hodari wa milango na makabati, akaimwagia gundi nyeupe ya dukani, akaikaza kwa vibanio na kunihakikishia kwamba haitaachia tena maisha. Alisema kweli. Mwaka uliofuata mshono ulikaa kama chuma, na ufa ukakata kifua kutoka kwenye tundu la sauti mpaka chini. Sauti yake tangu siku hiyo ni ya debe.

Basi wewe usitie gundi yoyote ya dukani. Legeza nyuzi kidogo, usizitoe zote, kwa sababu kile kijiti kilichosimama ndani chini ya kidaraja kitaanguka. Iweke ndani ya sanduku lake mbali na dirisha, na umtafute mwenye gundi ya ngozi. Nywele za upinde nazo zilegeze kila umalizapo.

Nimesikia kuna viola iliyotakiwa dola milioni 45. Mtu anaipata wapi fedha hiyo?
*Fundi seremala, Jang'ombe*

Ni kweli, na kwa bahati ni ya Schidlof yule yule wa Kwateti ya Amadeus. Ilitengenezwa na Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, ambaye viola zake zilizobaki hazizidi kumi na ushei. Ilipotolewa sokoni mwaka 2014 bei ya kuanzia ilikuwa dola milioni 45, na hakutokea mnunuzi.

Wapigaji wenyewe hawanunui ala hizo, huazimwa. Ipo seti ya ala nne za Stradivari zilizowahi kuwa mali ya Paganini, mpiga fidla mashuhuri wa zamani, na tangu mwaka 1994 ni mali ya taasisi moja ya Japani, Nippon Music Foundation. Kwateti ya Tokyo ilizipiga tangu mwaka 1995 mpaka ilipovunjika mwaka 2013, kisha wakazirudisha kama walivyozipokea. Fikiria, fundi, miaka 18 unalea mtoto wa mtu.

Je, yupo mtu mweusi aliyefika mbali katika muziki huo? Au nasi tutabaki kupiga makofi?
*Mwanafunzi, Bububu*

Mwanangu, yupo aliyefika kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa. George Bridgetower alizaliwa Poland mwaka 1778, baba yake akiwa mtu wa asili ya Afrika na mama yake Mzungu. Akiwa mtoto alipiga fidla Paris mwaka 1789, kisha akakulia Uingereza. Mwaka 1803 alikwenda Vienna, na Beethoven alipomsikia akamtungia sonata ya fidla na piano. Kazi ilichelewa. Tarehe 24 Mei walisimama mbele ya watu saa mbili ya asubuhi, wino haujakauka sawasawa, na sehemu ya pili Bridgetower aliisoma juu ya bega la Beethoven kwa sababu noti zake zilikuwa hazijanakiliwa. Jaribu siku moja kusoma kitu usichokijua kwenye karatasi ya mwenzako, naye Beethoven ambaye mwandiko wake uliwatoa jasho hata wanakili wake wa kulipwa.

Baadaye wawili hao walikosana. Beethoven akalifuta jina lake na kazi ilipochapwa mwaka 1805 ikawa imetunukiwa Rodolphe Kreutzer, mpiga fidla wa Paris, ambaye hakuipiga hata mara moja. Ndiyo maana mpaka leo huitwa sonata ya Kreutzer. Bridgetower alifariki London mwaka 1860.

Wa siku zetu ni Sheku Kanneh-Mason, mpiga chelo wa Nottingham ambaye mama yake anatokea Sierra Leone. Alishinda mashindano ya BBC ya wapigaji vijana mwaka 2016 akiwa na miaka 17, na yeye hupiga trio pamoja na dada yake Isata wa piano na kaka yake Braimah wa fidla. Tena ukitaka watu wa bara letu hili hili, tafuta habari za skuli ya fidla ya Buskaid ya Soweto, iliyoanzishwa mwaka 1997, na za Abel Selaocoe wa Afrika Kusini, anayepiga chelo huku akiimba kwa koo kama watu wawili.

Na wanawake? Kila picha uliyochapisha ina wanaume wanne waliovaa suti.
*Msichana wa Mkoani*

Umenikamata, dada, na picha zilikuwa za zamani. Vienna ilikuwa na kwateti ya wanawake watupu tangu mwaka 1895, ya Marie Soldat-Roeger. Lakini nataka nikusimulie ya Rebecca Clarke, mpiga viola wa Uingereza. Mwaka 1919 alipeleka sonata ya viola katika mashindano ya Bi Coolidge, ambako kazi zilipelekwa bila ya majina. Zilikuwa 72. Waamuzi wakagawanyika sawasawa kati ya mbili, na Bi Coolidge akalazimika kupiga kura ya mwisho, akampa mtunzi Ernest Bloch. Bahasha zilipofunguliwa, wa pili akaonekana ni mwanamke, na wapo waliodai kwamba jina la Rebecca Clarke ni la bandia na kwamba Bloch aliandika zote mbili. Sonata hiyo sasa ni kati ya kazi ambazo kila mwanafunzi wa viola hupitia.

Nianze kusikiliza kipi? aliuliza msomaji wa Makunduchi, kwa mstari huo mmoja bila ya salamu.

Waalaykumu salamu. Anza na Haydn, kwateti yoyote, mchana. Halafu tafuta albamu ya Kwateti ya Kronos ya mwaka 1992 ya watunzi wa Afrika. Kronos, iliyoanzishwa na David Harrington huko Seattle mwaka 1973, imewatungisha watunzi zaidi ya kazi elfu moja, na katika albamu hiyo wamo Justinian Tamusuza wa Uganda na Hamza El Din. Huyu wa mwisho alikuwa Mnubi, mpiga udi, ambaye kijiji chake kilifunikwa na maji ya bwawa la Aswan, na kazi yake inaitwa Escalay, yaani gurudumu la kuchotea maji. Nilimwekea mzee mmoja wa udi, mtu wa klabu tangu ujana wake, bila ya kumwambia ni cha nani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akachezesha vidole vya mkono wa kulia juu ya goti kama aliyeshika risha, kisha akasema kwamba hizo ni fidla lakini aliyetunga alikuwa na udi mapajani. Akataka kirudiwe tangu mwanzo.